Dawa ya Mtoto na Fimbo ya Baba

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyiezi Mungu, Muumba wa maradhi na Mteremsha wa dawa zake, aliyewajaalia watoto kuwa pambo kwa wazazi wao na mtihani pia. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, aliyekuwa mpole wa watu kwa wadogo, na Aali zake, na Sahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Yajulikana kwamba watu wa pwani wameijua bara tangu zamani za misafara; walikaa Tabora na Ujiji, na kila palipofunguka biashara walifika. Na tangu dhahabu ya Usukuma kurudi kuchimbwa kwa mitambo mikubwa, Geita mwaka 2000 na Bulyanhulu mwaka 2001, na wachimbaji wadogo wakatapakaa Nyarugusu, na Rwamgasa, na Mgusu, na pande za Kahama, hawakosekani huko watu wa mwambao: huyu na duka la nguo, huyu na mkahawa, na huyu anasomesha Kurani. Wameoa, wamezaa, na watoto wao wanakulia katika vumbi la karasha. Maneno haya ni yao, na ni ya ndugu zao waliobaki pwani pia, kwa kuwa mtoto akiwashinda huko huletwa Tanga au Bagamoyo kwa bibi yake ili atengenezwe adabu, na mara nyingi nguo zake huja naye na dawa zake husahauliwa nyuma.

Mtoto anayekusudiwa hapa si yule mtundu wa kawaida, kwani utundu ni dalili ya afya. Ni yule ambaye wazazi wake humwangalia na kushangaa. Hakai. Akitumwa duka la pili hufika la tano, na haja aliyotumwa imemtoka. Hupanda juu ya bati, humpiga mdogo wake bila ya sababu, huvunja kioo cha jirani, kisha baada ya saa moja hulia kwa kujuta, na kesho hurudia lile lile. Mwengine yuko chuoni anasoma vizuri, mara katikati ya aya hunyamaza, macho yamemkodoka. Mwalimu hudhani anafanya kiburi, humtia kofi, na mtoto huzindukana asijue amepigwa kwa nini. Mwengine huanguka akatoka povu, na akiamka huwa mkali siku nzima hata mama yake akamwogopa. Wazazi hawa wakampeleka mtoto hospitali, tabibu akamtazama, akauliza khabari za kuzaliwa kwake na maradhi aliyopata, akasema kuwa ubongo wake una ugonjwa, na akamwandikia vidonge vya kumeza kila siku.

Hapo ndipo fitina inapoingia nyumbani. Mama amekubali, kwa kuwa yeye ndiye anayekesha. Baba amekataa. Asema kwamba ukoo wake haujapata kutoa mwendawazimu. Asema kwamba vidonge ni vya watu wa Mirembe kule Dodoma, au wa Kidongo Chekundu kule Unguja, na mwanawe si wao. Asema kwamba yeye naye alikuwa mtukutu, na baba yake alimnyoosha kwa bakora. Basi mfuko wa dawa hutupwa, na bakora huteremshwa ukutani. Na anayefanya hivyo huona kwamba ameshika dini, na kwamba mkewe ndiye aliyefuata mambo ya kigeni. Jambo hili yafaa litazamwe kwa sharia, kwani baba huyu ameidhania sharia jambo isilolisema.

Kwanza na ajue maradhi haya hutoka wapi. Mikoa ya Geita na Shinyanga ni nchi ya malaria, na malaria ikipanda kichwani kwa mtoto mdogo, hata akipona, huweza kumwachia kifafa au tabia iliyogeuka. Mtoto mwengine alichelewa kutoka tumboni, pumzi ikamkosa. Wengine huzaliwa hivyo wasijue kutulia, na jambo hilo huenda kwa nasaba kama urefu na rangi ya macho. Baba anayesema kuwa yeye naye alikuwa hivyo labda ametoa ushahidi kwa ulimi wake bila ya kujua.

Na katika nchi ya dhahabu liko jambo la nne, nalo ni zebaki. Mchimbaji mdogo hutoa mawe katika duara, huyasaga karashani, huosha mchanga wake, kisha hutia zebaki ipate kuikamata dhahabu. Halafu donge lile huchomwa motoni, zebaki ikaruka kwa moshi na dhahabu ikabaki. Moshi huo hauna harufu wala hauwashi macho, basi watu hawauogopi, na wako wanaochoma donge katika kikaango uani, mama mjamzito akipika pembeni na mtoto akitambaa chini. Zebaki huingia kwa pumzi, hupenya hata kwa kilicho tumboni, na mahali inapodhuru zaidi ni ubongo unaokua: mikono hutetema, usahaulifu huzidi, na mtoto hushindwa kutulia na kujifunza. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya migodi midogo ya Tanzania, Geita na Shinyanga zikiwamo, na likaeleza kuwa limekuta watoto tangu wa miaka 8 wakifanya kazi humo, na wengine wakiishika zebaki kwa mikono mitupu. Mwaka huo huo mataifa yalipatana juu ya kuizuia zebaki, na mapatano yakapewa jina la Minamata, mji wa Japani ambao mwaka 1956 ugonjwa wa zebaki ulitangazwa. Huko sumu ilikuja kwa samaki wa baharini, si kwa moshi. Lakini walionekana akina mama wasio na dalili kubwa wakizaa watoto walioharibika ubongo. Tanzania iliridhia mapatano hayo mwaka 2020.

Haisemwi kwamba kila mtoto asiyetulia wa Geita amelishwa zebaki. Linalosemwa ni kwamba baba anayechoma dhahabu uani kwake, au anayempangisha mchomaji chumba cha nyuma kwa ajili ya kodi, kisha akampiga mwanawe kwa kutotulia, huenda anamwadhibu kwa jambo alilomtendea yeye mwenyewe. Kabla ya kutafuta fimbo, na auondoe moto ule nyumbani.

Ama khabari ya dawa, Mtume S.A.W. amewaambia waja wa Mwenyiezi Mungu wajitibu, na akakhabarisha kuwa hapana ugonjwa illa Mwenyiezi Mungu ameuteremshia dawa, isipokuwa uzee. Hakutoa katika maneno hayo ugonjwa wa akili. Na imepokewa kwa Imamu Shafi'i, Mungu amrehemu, kwamba baada ya elimu ya halali na haramu hakuona elimu bora kuliko utabibu, na alisikitika kuona Waislamu wameipoteza na kuwaachia watu wengine. Waislamu wa zamani hawakuona aibu katika jambo hili. Mjini Halab hospitali ya Amiri Arghun, iliyojengwa mwaka 1354 wa miladi, ilikuwa na vyumba vya wagonjwa wa akili, na maji ya kutiririka ya kuwatuliza. Wala haikuwa desturi ya watu wale kusema kwamba mwenye kwenda huko amevunja heshima ya ukoo.

Akisema msemaji: Je, si katika Sahihi Bukhari na Muslim imo khabari ya yule mwanamke mweusi aliyekuwa akianguka kifafa, akaja kwa Mtume kutaka aombewe, naye akamkhiyarisha baina ya kuombewa afya na kusubiri apate Pepo, akachagua kusubiri, akaomba tu asifunukwe nguo anapoanguka? Basi kusubiri si bora kuliko vidonge?

Jawabu lake ni hili. Mwanamke yule alikuwa mtu mzima mwenye akili yake, alipewa khiyari juu ya mwili wake, akajichagulia. Wanavyuoni wa Kishafi'i wamesema kuwa kujitibu ni sunna, na kwamba mwenye nguvu ya kutawakali akiacha dawa kwa nafsi yake, ana fadhila. Lakini mtoto hakuchagua lolote. Baba si mwenye mwili ule. Yeye ni walii juu yake, na walii hana ruhusa ya kutenda illa lenye maslaha kwa aliye chini ya mkono wake. Ikiwa walii wa yatima amekatazwa kuikaribia mali yake illa kwa njia iliyo njema zaidi, vipi ataukaribia ubongo wa mtoto kwa njia iliyo mbaya? Mtu hasubiri kwa maumivu ya mwenziwe. Anayemnyima mtoto dawa na akasema kuwa anasubiri, mwenye kusubiri ni mtoto, na yeye baba amekaa kivulini.

Tena katika hadithi ile liko jambo ambalo wasomaji wengi hulipita. Mwanamke yule hakulaumiwa, hakuambiwa ana pepo mchafu wala hana adabu, wala hakufukuzwa barazani. Mtume alimsikiliza haja yake, nayo ilikuwa sitara, akamwombea. Huko Mahenge, Tanzania kusini, mwaka 1960 tabibu mwanamke Louise Jilek-Aall alipofungua kliniki ya kifafa, alikuta wagonjwa wametengwa na jamaa zao kwa khofu kwamba mate yao huambukiza, na wengine wana makovu ya moto kwa kuangukia mekoni. Kifafa hakiambukizi. Aliwapa dawa moja ya bei nyepesi, na wengi wao hali zao zikatengenea.

Na wako wenye kukhofu kwamba dawa hizi ni ulevi. Imamu Nawawi na wenziwe katika madhehebu wameuliza juu ya mtu ambaye mkono wake umeoza na hauwezi kukatwa illa aondolewe fahamu kwa dawa, na neno lenye nguvu kwao ni kuwa yajuzu kwa dharura. Ikiwa imejuzu dawa ya kuondoa fahamu kwa ajili ya mkono, basi dawa ya kuirudisha akili mahali pake haina haja ya mjadala mrefu.

Sasa tazama fimbo. Baba huyu atasema kwamba Mtume S.A.W. ameagiza watoto waamrishwe Sala wakifika miaka saba, na wapigwe kwa kuiacha wakifika kumi. Ni kweli, na hapana anayelikanusha. Lakini kupiga huko kuna masharti yake yaliyoandikwa: kusiwe kwa kuumiza, kusiwe usoni, na kuwe kwa adabu, si kwa kutuliza hasira ya mpigaji. Na Sheikh Izzuddin bin Abdissalam, aliyekufa mwaka 660 wa Hijra, katika kitabu chake cha Kawaidi, ameitazama mas'ala hii hii: mtoto asiyetengenea illa kwa kipigo kikali, je, yajuzu kumpiga hicho? Akasema kwamba haijuzu. Kisha akazidi, na hapa ndipo penye fikihi: akasema kwamba hata kile kipigo chepesi hakijuzu tena kwa mtoto huyo. Kwani kikali kimekatazwa kwa dhati yake, na chepesi kiliruhusiwa kwa kuwa ni njia ya kufikia adabu. Adabu isipopatikana kwacho, ruhusa yake imeanguka.

Basi pima mambo hayo kwa mtoto ambaye kinachomwondoa kitini ni ugonjwa. Amepigwa mwaka wa kwanza, hakutulia. Amepigwa wa pili, amezidi. Kwa kauli ya Sheikh huyu, ambaye watu walimwita Sultani wa Wanavyuoni, fimbo ya baba imepoteza ruhusa yake, na kinachobaki mkononi ni dhuluma. Na yule anayepigwa kwa kunyamaza katikati ya aya, ilhali kilichomnyamazisha ni kifafa kidogo cha kukodoa macho, hukumu yake iko wazi zaidi. Kalamu imeinuliwa kwa mtoto hata abaleghe, na kwa aliyetokwa na akili hata imrudie, na huyu amekutanisha yote mawili. Haya waalimu wa vyuo wanahitaji kuyajua kuliko akina baba.

Aulizaye kuwa mtoto asiyetulia aongozwe vipi bila ya fimbo, na amsome Anas bin Malik. Alimtumikia Mtume S.A.W. miaka kumi tangu utoto wake, na akasema kwamba hakupata kumsikia akimwambia neno la kuchoka naye, wala kumwuliza kwa nini amefanya hivi au ameacha hivi. Wala Anas hakuwa malaika. Siku moja alitumwa haja, akakuta watoto wanacheza sokoni, akasimama kuwatazama, na haja imelala. Mara Mtume akamshika kisogo kwa nyuma, naye anacheka, akamwita kwa jina la kumbembeleza, akamwuliza kama amekwenda alikotumwa. Anas akasema kwamba sasa anakwenda. Hivyo ndivyo alivyofanyiwa mtoto aliyesahau haja: mkono juu yake, jina lake zuri, na kukumbushwa. Na hayo ndiyo wanayoyaagiza matabibu leo kwa mtoto wa namna hii, kwamba apewe amri moja kwa wakati mmoja, asogewe karibu, aguswe begani kabla ya kusemeshwa, asifiwe haraka anapotenda jema, na saa za kula na kulala na kusoma zisibadilike. Chuoni na awekwe karibu na goti la mwalimu, asome mistari miwili, ainuke akalete maji, arudi asome miwili mengine.

Lakini hayo hayasimami mahali pa dawa, na dawa ina adabu zake, nazo ndizo wanaume wengi huziharibu. Chukua mfano wa mtu mwenye duka la vitenge Katoro. Mwanawe wa miaka tisa amepewa dawa ya kifafa iitwayo fenobabitali, dawa kongwe iliyoanza kutumiwa kwa ugonjwa huo mwaka 1912. Miezi miwili hakuanguka. Baba akasema kuwa amepona, akaikata dawa siku moja ili kuokoa nauli ya Mwanza. Siku ya tatu mtoto alianguka, na hakuzinduka illa akaanguka tena juu ya kuanguka. Hili si jini lililokasirika. Ni sifa ya dawa ile kwamba haikatwi ghafula, bali hupunguzwa kidogo kidogo kwa amri ya tabibu. Na baba mwengine huona kinyume chake: mtoto hakuanguka tena, lakini utukutu umezidi na usingizi umepungua. Na hilo pia ni kweli, dawa hii hii huweza kuwafanya baadhi ya watoto wakose utulivu. Dawa yake si kutupa vidonge wala kuongeza bakora; ni kurudi kwa tabibu na kumweleza, kwani ziko dawa nyingine, na kipimo hufuata uzito wa mtoto, na mtoto hukua. Hospitali ya Bugando kule Mwanza ipo, na za mikoa zipo. Na katika hadithi iliyopokewa na Abu Daudi, mwenye kujifanya tabibu hali hajulikani kwa utabibu, juu yake ni dhamana. Basi baba anayepunguza na kuongeza kwa rai yake, na muuza duka anayetoa vidonge bila cheti, na walikhofu neno hilo.

Kumsomea mtoto Kurani ni sunna, na Fatiha imethibiti kuwa ni tiba. Asomewe kila usiku, na kidonge chake apewe. Hapana ugomvi baina ya viwili hivi illa katika vichwa vya watu. Ugomvi uko kwa mpiga ramli. Na katika nchi ya Shinyanga na Geita ramli si mchezo wa pesa mbili. Baba hupeleka mtoto, mganga humtazama kuku, kisha humtaja shangazi mzee anayekaa peke yake, mwenye macho mekundu kwa moshi wa kinyesi cha ng'ombe alichopikia maisha yake yote. Na baada ya mwezi kikongwe yule hukutwa amekatwa kwa panga. Damu za vikongwe zimemwagika hivyo miaka mingi katika Usukuma, na damu za watu wenye ualbino pia, hata Januari mwaka 2015 Serikali ikapiga marufuku waganga wapiga ramli. Mwenye kumwendea mpiga ramli na kumwuliza jambo, sala zake za siku arubaini hazikubaliwi, kama alivyopokea Muslim. Huo ni kwa kuuliza tu. Je, ikiwa jawabu lake limemwua mtu?

Limebaki jambo la majirani. Mtoto akivunja kioo au akaua kuku, dhambi haimo juu yake, lakini haki ya mwenye kitu haikuanguka. Katika madhehebu ya Shafi'i hulipwa katika mali ya mtoto akiwa nayo, na baba akilipa kwake ni wema, na akiwa amezembea kumchunga, yeye ndiye wa kulaumiwa. Alipe upesi bila ya kumpiga mtoto mbele ya jirani ili kumridhisha jirani, kwani fidia ni shilingi, na mgongo wa mtoto si shilingi.

Na baba akae nyumbani. Hili ndilo gumu kwa watu wa dhahabu, ambao hulala karashani na hurudi mara moja kwa mwezi, wakamkuta mama amekonda, wakamwuliza kwa nini mtoto hana adabu. Mwenye kumpa mtoto kidonge alfajiri na magharibi, siku zote, mwaka baada ya mwaka, ndiye anayemlea. Na kazi hiyo haikuandikwa kuwa ya mwanamke peke yake.

Ama Ramadhani, mtoto asiyebaleghe hana faradhi ya kufunga, na mwenye dawa ya mara mbili asizoezwe saumu illa tabibu amekubali kuwa dawa iwe daku na futari. Akibaleghe na ugonjwa ungaliko, na ikajulikana kwamba saumu itamrudishia kuanguka, atakula. Na ikiwa hautarajiwi kupona, atatoa kibaba kwa kila siku kumpa masikini. Na dawa isikatwe kwa sababu mwezi umeandama. Wallahu aalam.